Kigamboni: Chakula cha Pwani na Usalama Wake, Kutoka Baharini Hadi Sahani ya Mlaji

Kigamboni, moja kati ya wilaya 5 za Mkoa wa Dar es Salaam, imetenganishwa na katikati ya jiji kwa mkondo mwembamba wa bahari ambao pantoni huuvuka kwa dakika chache. Huko ng'ambo ndiko wakazi wengi wa jiji huelekea mwishoni mwa juma kufuata upepo wa bahari, mchanga mweupe na minazi, na zaidi ya yote kufuata chakula. Aprili 19, 2016 lilifunguliwa rasmi Daraja la Nyerere lenye urefu wa mita 680 juu ya mkondo wa Kurasini, na safari ambayo awali ilitegemea zaidi pantoni zinazoendeshwa na Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA) ikapata njia ya pili.

Wingi wa wageni ni neema kwa mama lishe, baba lishe, wavuvi na wachuuzi wa wilaya hiyo. Hata hivyo, unaongeza uzito wa swali ambalo kila mlaji ana haki ya kuliuliza: chakula hiki kimetoka wapi, kimehifadhiwaje, na nani anakisimamia? Sahani moja isiyo salama yaweza kumlaza mtu hospitalini na kumfungia mama lishe kibanda kinachowasomesha watoto wake.

Kinachopikwa Kigamboni

Kuanzia eneo la Feri, kupitia Kibada na Mjimwema hadi Gezaulole, mapishi ya Kigamboni yamejengwa juu ya vitu vitatu: samaki, nazi na muhogo. Asubuhi huuzwa vitumbua, chapati, maandazi na supu. Mchana ni zamu ya wali wa nazi, ugali, maharage, kisamvu kilichoungwa kwa nazi, na samaki wa kukaanga au wa mchuzi. Jioni huonekana meza za pweza na ngisi, mihogo ya kukaanga au kuchoma, mishikaki, kachumbari na pilipili, huku madafu yakishushia chakula.

Mapishi hayo yana historia. Wazaramo, ambao ni miongoni mwa wenyeji wa pwani hii, wamelima muhogo na kuvua kwa vizazi vingi, na ugali wa muhogo, ambao wengi Pwani huuita bada, bado hupikwa majumbani. Jina Gezaulole lenyewe ni la Kizaramo, lenye maana ya "jaribu uone", na eneo hilo lilikuwa miongoni mwa vijiji vya Ujamaa.

Bahari ndiyo inayopanga bei

Mgeni hushangaa anapokuta samaki wa bei nafuu wiki hii na wa bei ya juu wiki ijayo. Mara nyingi sababu ni hali ya bahari. Wakati wa kaskazi, takribani Desemba hadi Machi, bahari hutulia zaidi na vyombo vidogo hufika mbali. Wakati wa kusi, kuanzia takribani Mei hadi Septemba, upepo huwa mkali, wavuvi wa ngalawa na mitumbwi hupunguza safari, na samaki huadimika.

Mwezi nao una kauli yake. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, hivyo hupungua mbalamwezi inapong'aa. Pweza hupatikana zaidi nyakati za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa sababu maji hukupwa sana na miamba hubaki wazi kwa anayetembea kwa miguu.

Kanuni za uvuvi nchini zinakataza kuvua pweza mwenye uzito wa chini ya gramu 500, ili apate muda wa kukua na kuzaliana. Uvuvi wa baruti nao ni kosa la jinai. Mlipuko huua mazalia ya samaki na kubomoa matumbawe, na samaki aliyeuawa kwa baruti mara nyingi huwa na nyama iliyolegea, damu iliyovilia ndani na mfupa wa mgongo uliovunjika. Anayemnunua hupata kitoweo kinachoharibika upesi, na pia hulipia uharibifu wa bahari inayomlisha.

Barafu, moto na maji

Utamu wa samaki wa Kigamboni unatokana na ufupi wa safari yake kutoka chomboni hadi kikaangoni. Lakini katika joto la pwani, saa chache bila barafu zatosha kuharibu kila kitu. Jodari, nguru na vibua wana hatari ya pekee: wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza kemikali iitwayo histamini katika nyama yao. Mlaji hupata wekundu usoni, kuwashwa mwili, maumivu ya kichwa, kutapika au kuhara. Kwa kuwa kemikali hiyo haiharibiwi na moto, kumkaanga samaki aliyechacha hakumrudishii usalama. Ndiyo maana barafu inahitajika tangu chomboni.

Shirika la Afya Duniani limeainisha nguzo 5 za usalama wa chakula ambazo zinatekelezeka hata kwenye kibanda kidogo: kudumisha usafi, kutenganisha chakula kibichi na kilichopikwa, kupika hadi kuiva kabisa, kuhifadhi chakula katika joto linalofaa, na kutumia maji na malighafi salama. Chakula kinapaswa kuiva hadi ndani yake kufikia angalau nyuzi joto 70. Kikishapikwa, kibaki juu ya nyuzi joto 60 au kipozwe na kuhifadhiwa chini ya nyuzi joto 5, na kisiachwe mezani kwa zaidi ya saa 2.

Kwa mama lishe, maana yake ni sufuria inayofuka mvuke, kisu na ubao wa samaki mbichi visivyokatia kachumbari, na ndoo ya maji yenye koki na sabuni kwa wateja. Kachumbari ihitaji uangalifu zaidi, maana hailiwi ikiwa imepita motoni. Maji yasiyo salama yaliyooshea nyanya na vitunguu huweza kusafirisha vimelea vya kipindupindu.

Nani anasimamia nini

Tangu Julai 2019, usimamizi wa usalama wa chakula kitaifa uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), baada ya jukumu hilo kuhamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), ambayo sasa ni TMDA na inasimamia dawa na vifaa tiba. Ukaguzi wa kila siku wa maeneo ya kulia chakula hufanywa na maafisa afya wa halmashauri, kwa kuzingatia Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Wahudumu wa chakula wanatakiwa kupimwa afya zao, na mwenye maradhi ya kuambukiza kwa njia ya chakula hapaswi kuhudumia wateja hadi apone.

Usimamizi huo unakwenda sambamba na uwezeshaji. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mama lishe waliojiunga katika vikundi wanaweza kuomba mikopo hiyo kupitia ofisi za maendeleo ya jamii na kuitumia kununua majokofu, matangi ya maji au majiko ya gesi.

Majiko hayo yana nafasi yake katika mpango mpana. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kwa anayepika kuanzia alfajiri hadi usiku, kuacha kuni na mkaa ni kuokoa mapafu yake. Aidha, moto unaopunguzwa na kuongezwa kwa urahisi humsaidia kukiweka chakula katika joto linalotakiwa.

Mlaji atazame nini

Mlaji hahitaji kifaa chochote ili kujilinda. Samaki mbichi aliye salama ana macho yaliyojaa na yanayong'aa, mashavu mekundu kwa ndani, nyama inayorudi ikibonyezwa na harufu ya bahari isiyo kali. Samaki aliyekaangwa mapema apashwe hadi awe moto ndani, au mteja asubiri mwingine akaangwe. Mahali pa kulia pawe na maji ya kunawa yanayotiririka, chakula kiwe kimefunikwa, na anayepokea fedha asishike chakula kwa mkono uleule.

Anayebaini chakula kisicho salama atoe taarifa kwa afisa afya wa kata au ofisi ya serikali ya mtaa. Anayeharisha au kutapika baada ya kula awahi kituo cha afya, anywe maji salama yenye chumvi maalumu za kurudisha maji mwilini, na aeleze alikula nini na wapi. Maelezo hayo huwawezesha wataalamu kukifikia chanzo kabla wengine hawajaugua.