Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki

Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki ni jengo la kisasa la mahakama nchini Tanzania linaloweka mahali pamoja Mahakama Kuu, mahakama za chini yake na ofisi za wadau kama waendesha mashtaka, mawakili na ustawi wa jamii. Vituo 6 vya kwanza vilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma tarehe 6 Oktoba 2021. Viko Arusha, Dodoma, Morogoro, Mwanza na Dar es Salaam (Kinondoni na Temeke). Kile cha Temeke hushughulikia mirathi na masuala ya familia.

Usanifu

Jengo la mahakama hutofautiana na ofisi nyingine hasa kwa njia zake. Msanifu hupanga njia 3: ya wananchi, ya majaji na mahakimu, na ya mahabusu wanaotoka kwenye gari la magereza. Njia hizo hukutana ndani ya chumba cha mahakama tu. Zikichanganyika, shahidi anaweza kujikuta benchi moja na ndugu wa mshtakiwa, akaogopa kusema. Kwa sababu hiyohiyo, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mahakama ya watoto, inapowezekana, ikae katika jengo tofauti na lile la kesi za watu wazima.

Ujenzi

Mahakama ya Tanzania imetumia pia teknolojia ya Moladi kutoka Afrika Kusini, kwa mfano huko Kibaha. Kalibu za plastiki huunganishwa kwa umbo la jengo zima, kisha hujazwa mchanganyiko wa saruji na mchanga. Ukikauka, kalibu hubanduliwa na kutumika tena. Kuta hazihitaji matofali, na kazi huenda haraka.

Mkoa wa Mara

Mahakama za Wilaya za Tarime na Serengeti ziko katika miji ya Tarime na Mugumu. Rufaa zake husikilizwa na Mahakama Kuu mjini Musoma, yenye jengo lake la kisasa. Zamani zilipelekwa Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma. Rufaa ya shauri la ardhi kutoka baraza la wilaya hufunguliwa Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Kwa mkulima wa Tarime asiye na wakili, nauli na malazi vilitosha kumfanya aache shamba lake liende.