Kompyuta Inayokawia na Dawa Yake

Kompyuta ya nyumbani ikiwa mpya hutii upesi. Mtu huibonyeza kitufe, na kabla hajavuta kiti akaketi, kioo kimekwisha kuwaka. Baada ya miaka michache mambo hugeuka. Mwenyewe huiwasha, akaenda kuchemsha chai, akarudi na kikombe chake, na bado duara dogo linazunguka kiooni. Akiandika, herufi hazionekani. Kisha hutokea zote pamoja, kama kuku waliofunguliwa bandani. Ndipo watu wa nyumbani hunena neno moja: "Imezeeka." Basi huiuza kwa bei ya kutupa, au hutafuta fedha ya kununua nyingine, nayo pengine ni fedha iliyowekwa kwa ajili ya karo.

Hukumu hiyo mara nyingi si ya haki. Kompyuta haichoki kama punda. Sehemu yake inayofanya hesabu huitwa prosesa, nayo ina mapigo kama moyo ulivyo na mapigo. Prosesa ya gigahezi 2.4 hupiga mara 2,400,000,000 kwa sekunde moja, na baada ya miaka mitano yaweza kupiga vile vile. Basi ikiwa nguvu ni ile ile, na kazi inakawia, yapo mambo mawili: ama kazi imezidi, ama kipo kitu kinachoizuia. Yafaa kitu hicho kijulikane kwanza, kabla fedha haijatoka mfukoni.

Ili kukijua, na uwekwe mfano wa fundi cherehani aliyeketi barazani. Fundi mwenyewe ndiye prosesa. Mbele yake ipo meza, ambayo juu yake ameweka kitambaa anachokishona, na mkasi, na uzi, na vifungo. Meza hiyo ni kumbukumbu ya kompyuta, ambayo mafundi huiita RAM. Tena nyumbani kwake, mtaa wa pili, lipo sanduku kubwa lenye vitambaa vyote vya wateja. Hilo ndilo diski. Kilichoko mezani fundi hukipata kwa kunyosha mkono tu, lakini jioni meza hufutwa yote, maana umeme ukizimika RAM haibaki na kitu. Kilichomo sandukuni hudumu hata mwaka ujao, ila kukileta ni safari.

Tena safari hiyo ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Prosesa hupata neno kutoka RAM kwa muda wa nanosekunde 100 hivi, yaani sekunde moja iliyogawanywa sehemu milioni kumi, ikatwaliwa moja. Diski za namna ya kale zina sahani za duara ndani yake, zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mwembamba unaotembea juu yake kutafuta mahali pa kusoma. Mkono huo hutumia karibu milisekunde 10 mpaka upafikie mahali panapotakiwa. Kwa macho yetu wanadamu nyakati hizi mbili hazitambulikani, lakini na zikuzwe kwa kadiri moja. Kama fundi angenyosha mkono mezani kwa sekunde 1, basi safari ya kwenda sandukuni na kurudi ingemchukua sekunde 100,000, ambazo ni zaidi ya saa 27. Diski za namna mpya, ziitwazo SSD, hazina sahani wala mkono, na safari yake ni karibu milisekunde 0.1, katika mfano huu ni dakika 17 hivi. Muda wote huo fundi ameketi bure na sindano mkononi, akingoja kitambaa.

Hapo ndipo penye siri ya kompyuta nyingi zinazokawia. Zile zilizouzwa kwa bei nafuu zilikuwa na RAM ya gigabaiti 4, na Windows 11 yenyewe haikubali chini ya hizo. Mtu akifungua programu ya kuandikia, kisha kivinjari chenye kurasa ishirini za mtandao, kisha na muziki juu yake, meza imejaa. Lakini kompyuta haikatai. Hutwaa kitu kisichotumika kwa dakika ile, ikakirudisha diskini, ikaweka kingine mahali pake. Hila hiyo ilikuwamo katika kompyuta iliyoitwa Atlas, iliyozinduliwa mwaka 1962 katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, nayo ni hila njema, maana humwezesha fundi mwenye meza ndogo kufanya kazi ya mwenye meza kubwa.

Walakini ina mpaka wake. Mwaka 1968 mtaalamu wa Marekani, Peter Denning, alieleza kwa maandishi jambo lililozipata kompyuta kubwa za siku zile: vitu vinavyotakiwa kwa pamoja vikizidi ukubwa wa meza, kompyuta huacha kushona ikawa mchukuzi tu. Hukitoa hiki ili kile kipate nafasi, na mara hukitaka tena hicho hicho kilichotolewa, ikakirudia. Mapigo ya prosesa ni yale yale, lakini karibu muda wote hupotea njiani. Jambo hilo halianzi kidogo kidogo. Huja kwa ghafula. Kurasa kumi na tisa zilikuwa nyepesi, ya ishirini na moja ikafanya mashine yote kuwa nzito. Ndiyo sababu mwenye kompyuta huapa kwamba jana ilikuwa nzima.

Hata hivyo si kila ukawiaji hutoka mezani, na kwa hiyo sharti mtu atazame. Katika Windows, vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja, hufunguka dirisha liitwalo Task Manager. Humo zimo safu zilizoandikwa CPU, Memory, Disk na Network, yaani prosesa, kumbukumbu, diski na mtandao, na juu ya kila safu pana hesabu ya asilimia. Dirisha hilo lafaa kufunguliwa wakati ule ule kompyuta inapokawia, maana daktari hampimi homa mgonjwa aliyekwisha kupona. Safu inayokaribia 100 na kukaa hapo, hiyo ndiyo yenye msongamano, na programu yenye hesabu kubwa kuliko zote katika safu hiyo ndiyo kwa kawaida inayousababisha.

Tahadhari moja yahitajika hapa. Kompyuta nyingi za nyumbani huwashwa mara moja kwa juma. Mara ipatapo umeme na mtandao, huanza kufanya madeni yake yote: hupakua masahihisho ya Windows, hukagua virusi, hupanga orodha ya faili. Dakika za kwanza safu zote hupanda. Mwenye subira huiacha imalize, kisha hupima. Asiye na subira huizima katikati, na kesho deni ni lile lile. Tena, kuzima na kuwasha si sawa na kuanzisha upya. Katika Windows za siku hizi, neno Shut down kwa kawaida huhifadhi sehemu ya hali ya jana ili kuwaka kuwe kwepesi. Neno Restart ndilo lisafishalo meza kweli. Ajabu ni kwamba jambo hili dogo huponya mashine nyingi, wala halina gharama.

Ikiwa safu ya Memory ndiyo iliyojaa, dawa ya kwanza ni kupunguza vitu mezani. Kurasa zisizosomwa zifungwe. Katika Task Manager hiyo hiyo mna sehemu ya Startup, yenye orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe kila kompyuta iwakapo. Nyingi hazikualikwa na mtu, ziliingia pamoja na programu nyingine. Zisizohitajika huzuiwa hapo, bila kufutwa. Kisha, kama bado, meza ipanuliwe: kutoka gigabaiti 4 mpaka 8. Lakini kabla ya kununua yapasa kuuliza kama kompyuta hiyo ina nafasi ya kuongeza, kwa kuwa katika nyingine nyembamba RAM imegandishwa kwa risasi katika ubao, wala haiongezeki.

Diski ina hatari kuliko zote, maana ndimo zilimo kazi za watu. Na uwekwe mfano wa mama mmoja aliyekuwa na picha za watoto wake za miaka minane katika kompyuta nzito. Kijana fundi aliitwa, naye hata kabla ya kuiwasha akasema, "Mama, dawa ya hii ni kufuta yote na kupiga Windows mpya."

Mama akamjibu, "Mwanangu, umekwisha ona kinachoizuia, au wabahatisha?"

Kijana akaona haya, akafungua dirisha la hesabu. Memory ilikuwa 55 tu, CPU ilikuwa 6, lakini Disk ilisimama katika 100, na huku data iliyokuwa ikipita ni chache mno. Aliposogeza sikio akasikia sauti ya kugonga, ta, ta, ta, na picha nyingine hazikufunguka. Diski ile ilikuwa inakufa. Kama wangaliipangusa, picha zingalipotea, na ugonjwa ungalirudi baada ya siku chache. Wakazinakili picha zote kwanza katika diski ya nje, kisha wakatoa ile iliyoharibika, wakatia SSD. Kompyuta iliyokuwa ikiwaka kwa dakika sita ikawaka kabla mama hajafunga dirisha la chumba.

Hata diski iliyo nzima, ikiwa ni ya sahani, huzuia. Kwa kompyuta ya miaka kumi hivi hakuna badiliko moja lizidilo hili la kutia SSD. Tena diski yoyote isijazwe pomoni. Windows huhitaji nafasi ya kuweka vile vitu vinavyotoka mezani, na ya kupokea masahihisho. Kazi ya kupanga upya vipande vya faili, iliyosifiwa sana zamani, hufaa diski za sahani tu. SSD haina safari ya mkono, basi kupanga hakuifai.

Pengine kosa ni joto. Prosesa ikikaribia digrii 100 hupunguza mapigo yake yenyewe ili isiungue. Dalili yake ni hii: kompyuta ni nyepesi robo saa ya kwanza, kisha feni hunguruma na kazi huwa nzito. Kompyuta iliyowekwa juu ya godoro hupumua kwa shida, na katika nyumba zilizo kando ya barabara ya vumbi feni hufungwa na uchafu mzito kama pamba. Huzimwa, hutolewa waya wa chaji, na vumbi huondolewa kwa brashi laini au pumzi ya hewa, panga za feni zikiwa zimeshikwa zisizunguke. Kisha iwekwe juu ya meza ngumu.

Tena pengine kompyuta haina kosa lolote. Kama waraka uliomo ndani hufunguka mara moja, na kurasa za mtandao tu ndizo zinazochelewa, ugonjwa uko njiani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na mtandao ukawa mzito katika Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine. Siku ile aliyekuwa na kompyuta mpya kabisa aliteseka sawasawa na mwenye kuukuu, na yeyote aliyeinunulia RAM yake siku ile alitupa fedha.

Wapo pia wezi. Programu mbaya zinazoingia pamoja na filamu na michezo ya bure huweza kuitumia prosesa kuwatafutia watu wa mbali sarafu za kidijiti. Basi CPU ikiwa juu ilhali hakuna kazi iliyofunguliwa, ikaguliwe. Mlinzi wa virusi aliyemo katika Windows hutosha kwa nyumba nyingi. Wawili wakiwekwa pamoja, kila faili hukaguliwa mara mbili, na mara nyingine hugombana. Na zile programu zinazojitangaza kwamba husafisha kompyuta na kuipa mbio, nyingi huongeza mzigo mmoja zaidi juu ya meza iliyokwisha kujaa.

Zimebaki zile kompyuta zilizo kuukuu kweli. Windows 10 iliacha kupewa masahihisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi zilizoitumia hazikubaliwi na Windows 11. Mashine ya namna hiyo yaweza kupewa Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland, alipokuwa mwanafunzi. Ziko aina zake zilizotengenezwa kwa ajili ya meza ndogo. Huweza kuwashwa kwanza kutoka flashi, ili mwenyewe aone kama sauti, kamera na Wi-Fi vinafanya kazi, bila kugusa hata faili moja iliyomo diskini. Lakini asiuhukumu wepesi wake siku hiyo, maana flashi nayo husomwa polepole.