Cheti Pekee Hakitoshi

Mtu aliyefikwa na msiba humfungulia mshauri nasaha siri za moyo wake. Atajuaje kwamba huyo amefunzwa akaiva? Nchini Marekani, tangu mwaka 1981, baraza liitwalo CACREP huzikagua kozi za uzamili za washauri na kuzipa ithibati zinazostahili. Masomo ya darasani hayatoshi: mwanafunzi hupitia mazoezi ya awali ya saa 100, kisha kazi ya vitendo ya saa 600, na kati ya hizo 240 ni za kuwahudumia wenye shida, chini ya uangalizi. Chuo kinachouona ukaguzi huo kuwa usumbufu na kikumbuke kwamba jeraha la moyo, likishikwa na asiyejua, huoza kimya kimya.