Je, Wajua? Matumbawe Yanaweza Kuishi Sebuleni Meru

Mvua inayonyesha Meru na Embu ina safari ndefu. Kathita, Thuci, Rupingazi na mito mingine ya mlimani huishia Tana, nayo Tana huingia Bahari ya Hindi kwenye Ghuba ya Ungwana, karibu na Kipini. Ukienda hapo kutafuta matumbawe hutayapata. Mwamba unaoanzia Shimoni na kupanda kaskazini kupitia Diani, Mombasa, Kilifi na Watamu hukatika Malindi, karibu na mlango wa mto Sabaki, na hauonekani tena vizuri mpaka uvuke Tana na kukaribia Lamu. Kinachouzuia ni maji matamu na tope la bara. Tumbawe halivumilii maji yaliyopungua chumvi, na tope hulifunika likakosa mwanga.

Hata hivyo maji hayohayo ya mlimani, yakichujwa na kutiwa chumvi kwa kipimo, yanaweza kulea matumbawe ndani ya nyumba Nkubu au Runyenjes. Kazi hiyo ni ngumu, lakini ugumu wake hauko pale wengi wanapoudhania.

Tumbawe ni mnyama, jamaa wa yavuyavu na anemone. Unachokiona kama jiwe ni makazi ya maelfu ya wanyama wadogo waitwao polipu. Kila polipu ni mfuko laini wenye mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri, na huketi kwenye kikombe cha chokaa alichojijengea mwenyewe. Ndani ya nyama yake huishi mwani wa seli moja wanaotengeneza sukari kwa mwanga na kumpa mwenyeji wao hadi asilimia 90 ya nishati anayohitaji. Bahari ikizidi kilele chake cha kawaida cha joto kwa nyuzi moja tu, na hali hiyo ikadumu wiki kadhaa, tumbawe huwafukuza mwani hao, hupauka, na lisipowapata tena hufa njaa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, El Niño ilipopasha joto bahari yetu na miamba mingi ya Kenya ikapoteza nusu ya matumbawe yake hai au zaidi.

Ikiwa bahari nzima iliweza kufikishwa hapo, sanduku la kioo la lita 200 linaweza kufikishwa hapo kwa alasiri moja. Kwa hiyo anayefuga matumbawe anafuga maji kwanza. Matumbawe ni matokeo.

Tuanze na maji yenyewe. Maji ya mfereji, hata yakiwa safi ya kunywa, yana klorini. Yanayotoka kwenye miamba ya volkano hubeba silika, na silika hulisha diatomu, wale mwani wanaopaka vioo na mawe utando wa kahawia. Mto uliopita katikati ya mashamba ya chai na kahawa huongeza naitreti na fosfeti za mbolea. Ndiyo sababu maji hupitishwa kwenye kichujio cha utando wa osmosi, kisha kwenye chembe za resini zinazonasa madini yaliyosalia, mpaka kipimo cha madini kisome sifuri. Kichujio hicho humwaga lita tatu au nne kwa kila lita moja safi. Hayo yanayomwagwa hayana ubaya wowote kwa sukuma wiki.

Baada ya hapo ndipo chumvi inaingia. Bahari ina gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita, kwa hiyo tangi la lita 200 linataka kilo saba. Chumvi ya jikoni haifai, ingawa sehemu kubwa ya chumvi ya Kenya hutokana na maji ya bahari yanayokaushwa kwa jua kwenye mabwawa ya Gongoni na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ikifika dukani imeshasafishwa ikabaki karibu sodiamu kloraidi tupu, pamoja na iodini iliyoongezwa. Magnesiamu, kalsiamu na potasiamu, ambazo tumbawe haliwezi kuishi bila hizo, zimeachwa nyuma. Inayotumika ni chumvi maalumu ya matangi, na huyeyushwa kwenye ndoo kando, pampu ikizungusha maji kwa siku nzima kabla ya kutumika.

Kosa linalowaponza wageni wengi huja baadaye. Maji yakipungua kwa kukauka, wao huongeza maji ya chumvi. Lakini kinachoondoka ni maji peke yake, chumvi inabaki. Kinachotakiwa kurudishwa kila siku ni maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, hadi kwenye alama iliyochorwa pembeni mwa kioo.

Sasa tuje kwenye mlima. Mji wa Meru uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na Embu karibu mita 1,350. Katika kimo cha Meru shinikizo la hewa ni kama asilimia 84 ya lile la Mombasa, na oksijeni inayoweza kuyeyuka majini hupungua kwa kiasi hichohicho. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 25 hubeba miligramu 6.7 hivi kwa lita yakiwa pwani, na karibu 5.6 yakiwa Meru. Kiasi hicho kinatosha, ila akiba ni ndogo. Samaki wawe wachache, na pampu ielekezwe juu ili uso wa maji utibuke mchana na usiku.

Baridi nayo watu huiogopa bure. Kweli, Julai ukungu ukitanda hita hufanya kazi usiku kucha kuweka maji kati ya nyuzi 24 na 27, na blanketi likizungushwa kwenye vioo vya nyuma na pembeni husaidia sana. Lakini kupasha maji ni rahisi kuliko kuyapoza. Mwenye tangi Mombasa hupambana na joto la taa na la Februari kwa mashine ya kupoza, ghali kununua na yenye kula umeme. Kwa jambo hili nawahesabu watu wa mlimani kuwa na bahati. Tahadhari ni moja: nyumba ikifungwa madirisha na jiko la makaa likiwaka, kabonidayoksaidi huingia majini na kuyashusha kutoka pH 8.2 inayopendeza. Dirisha lifunguliwe, kwa faida ya tangi na ya wenye nyumba pia.

Tatizo zito ni stima kupotea. Inasikitisha kulisema hili Embu, kaunti iliyopakana na mabwawa yote matano ya umeme ya Tana, kuanzia Masinga hadi Kiambere. Pampu zikisimama, oksijeni huanza kushuka mara moja. Dawa ni pampu ya hewa yenye betri, au inveta ya kuendesha pampu moja tu. Hita na taa zinaweza kungoja. Na ikibidi, mkono unatosha. Mwaka 1846 Mwingereza Anna Thynne alichukua matumbawe kutoka Torquay, ufukweni, akayapeleka London kwenye mtungi. Pampu hazikuwapo. Kila siku mjakazi wake aliyamimina maji kutoka chombo hadi chombo mbele ya dirisha lililo wazi, kwa nusu saa au zaidi, na matumbawe yakaishi. Baadaye Thynne akaongeza mwani wa bahari ili utoe oksijeni. Giza likiingia Meru, jagi moja likichotwa na kumiminwa kutoka juu kila dakika chache hufanya kazi ileile.

Tangi likishajaa maji ya chumvi, mawe na mchanga, huachwa wiki nne hadi sita bila tumbawe wala samaki. Katika muda huo bakteria wa aina moja hujijengea makazi na kugeuza amonia kuwa naitraiti, na wengine kugeuza naitraiti kuwa naitreti isiyo na sumu kali. Wafugaji wa tilapia wa Imenti Kusini, waliochimba mabwawa tangu mpango wa serikali wa kuchochea uchumi wa mwaka 2009, wanaijua amonia vizuri. Tofauti ni kwamba tilapia husamehe mengi. Chombo kinachosaidia hapa ni kiengua povu, bomba linalochanganya maji na viputo vidogo sana mpaka uchafu ushikamane na povu na kumwagika kikombeni kabla haujaoza.

Sehemu inayonivutia kuliko zote ni chokaa. Polipu hujenga kikombe chake kwa kalsiamu na kabonati anazozitoa majini, na tangi lenye matumbawe magumu huzimaliza mbele ya macho yako: kalsiamu inayopaswa kukaa kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita hushuka wiki baada ya wiki. Njia kongwe ya kuirudisha ni maji ya chokaa. Kijiko cha chai cha kalsiamu haidroksaidi safi hukorogwa kwenye lita mbili za maji yaliyochujwa, huachwa yatulie, kisha yale maangavu ya juu hudondoshwa tone kwa tone usiku, wakati mwani wamelala na pH imeshuka. Yakimiminwa kwa haraka huua, maana yana pH ya zaidi ya 12. Chokaa ya mjenzi kutoka duka la vifaa isitumike, ina mchanganyiko wa vitu vingine. Wapwani kwa karne nyingi walichoma matumbawe kupata chokaa ya kuungia kuta za nyumba na misikiti. Kwenye tangi mkondo huo unageuzwa, chokaa inarudi kuwa tumbawe.

Matumbawe yenyewe yatoke wapi? Si baharini. Watamu, Malindi na Kisite ni hifadhi, na matumbawe magumu yote yamo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, kwa hiyo kuyavusha mpaka kunahitaji kibali, na hapa Kenya mlango wa kubisha ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Yanayofaa ni vipande vilivyokuzwa kwenye matangi, vyenye karatasi zake. Samaki vilevile: yule mdogo mwenye mistari myeupe ambaye watoto humwita Nemo huzalishwa kwenye matangi siku hizi. Huanza maisha akiwa dume, na mkubwa wa kundi ndiye hugeuka kuwa jike.

Anayeanza achukue matumbawe laini, yanayovumilia. Avae glavu na miwani anapoyashika, hasa jamii ya zoanthus, maana baadhi yana palitoksini, sumu kali mno. Jiwe lililotoka kwenye tangi lisichemshwe kamwe, kwa sababu mvuke wake umewahi kuwapeleka watu hospitali.

Ujuzi ukikomaa yaje magumu. Porites yenye umbo la jabali huongezeka karibu sentimita moja kwa mwaka, ilhali Acropora yenye matawi inaweza kupita kumi. Tawi likirefuka hukatwa kwa koleo, kipande kikagandishwa kwenye jiwe dogo kwa gundi ya super glue, ambayo hushika hata majini. Huko Wasini, Kwale, wanakijiji na watafiti hupandikiza vipande vya namna hiyo kwenye mwamba ulioharibika. Kidonda hufunikwa na nyama mpya baada ya wiki chache, na kipande hicho kinaweza kwenda kwenye tangi la mtu mwingine, Maua au Siakago, bila mtu yeyote kuvunja tawi Shimoni.