Mtoto wa Fundi Kufuli Aliyeupima Umeme

Paukwa! Pakawa! Hadithi ya leo, wajukuu zangu, haina sungura wala fisi, na yote yaliyomo yalitokea kweli.

Mwaka 1789, katika mji wa Erlangen huko Ujerumani, fundi mmoja wa kufuli alipata mtoto wa kiume, akaitwa Georg Simon Ohm. Baba huyo hakuwa msomi wa chuo, lakini alijifunza hesabu mwenyewe hadi zikamkaa kichwani, kisha akawafundisha wanawe. Georg alipokua akawa mwalimu wa hesabu na fizikia katika mji wa Köln.

Siku hizo watu walikwisha kujua kupitisha umeme kwenye waya. Lakini ukibadilisha waya, umeme unaopita utabadilika kwa kiasi gani? Hapo hapakuwa na jibu la uhakika. Ohm akaamua kupima.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa betri. Betri za wakati ule zilianza kwa nguvu, mara zikalegea, na vipimo vikavurugika. Ohm akaziacha. Akaunganisha metali mbili, bismuthi na shaba. Ungio la upande mmoja akalitia kwenye maji yanayochemka, la upande wa pili kwenye barafu. Tofauti hiyo ya joto na baridi husukuma umeme kidogo tu, lakini msukumo wake hauyumbi, kwa kuwa maji yakishachemka hayazidi kupanda joto, na barafu inayoyeyuka hubaki na ubaridi uleule. Karibu na waya akaning'iniza sindano ya sumaku. Umeme ukipita, sindano hugeuka. Ukipita mwingi, hugeuka zaidi. Kisha akaleta nyaya za shaba zenye unene mmoja, fupi kabisa ya inchi 2 na ndefu kabisa ya inchi 130, akazijaribu moja baada ya nyingine, huku akiandika kila alichokiona.

Mwaka 1827 akachapisha kitabu chake kueleza alichokigundua. Waya mrefu hupitisha umeme kidogo kwa sababu huuzuia zaidi, na kuzuia huko ndiko tunakokuita ukinzani. Msukumo wa umeme tunaupima kwa volti, mkondo unaopita kwa ampia, na ukinzani kwa omu, kipimo kilichopewa jina lake. Ukiijua volti na ampia, gawanya tu:

ukinzani = volti ÷ ampia

Wasomi wengi wa kwao hawakukithamini kitabu hicho, na Ohm akaiacha kazi yake ya Köln. Hakukata tamaa, na mwaka 1841 Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, kikamtunuku nishani ya Copley.

Sasa tuje nyumbani. Tanzania, umeme unaoingia majumbani ni wa volti 230. Tuseme pasi ya mama inavuta ampia 5. Ukinzani wake ni 230 ÷ 5, yaani omu 46. Na nguvu yake, ile inayonyoosha shati? Hapo tunazidisha:

nguvu = volti × ampia

230 × 5 ni wati 1,150. Namba mbili tu zimetupa nyingine mbili, wala hatukuifungua pasi.

Mwingereza James Joule, mtoto wa mtengeneza bia wa Salford, ndiye aliyeonyesha jambo la pili, na hili nataka mlishike sana. Mkondo ukipita kwenye ukinzani huzaa joto, na joto hilo hukua upesi kuliko mkondo wenyewe: unazidisha mkondo kwa mkondo, kisha kwa ukinzani.

Fikirieni ekstensheni iliyolegea, yenye ukinzani mdogo wa omu 0.2 pale plagi inapogusana na soketi. Chomeka pasi peke yake: 5 × 5 × 0.2 ni wati 5, joto dogo. Ongeza birika la wati 2,300, linalovuta ampia 10. Sasa mkondo ni ampia 15, na 15 × 15 × 0.2 ni wati 45. Mkondo umeongezeka mara tatu, joto limeongezeka mara tisa! Plastiki inalainika, harufu ya kuungua inaanza, na nyumba imo hatarini. Ndiyo maana ekstensheni nyingi huandikwa kikomo cha ampia 13. Ukijumlisha ampia kabla ya kuchomeka, umewakinga wote waliolala humo ndani.

Hesabu ya ukinzani inafaa kwa vifaa vyenye waya unaopata moto, kama pasi, birika na tosta. Taa za LED na feni zina mambo yake, mtayasoma mkikua.

Haya, kazi ni yenu. Vifaa vingi vya umeme vina kibandiko chenye volti na wati. Kisomeni kifaa kikiwa kimechomolewa, wala msikifungue. Tosta moja imeandikwa volti 230, wati 920. Gawanyeni wati kwa volti mpate ampia, kisha volti kwa ampia mpate omu. Mkimaliza, zidisheni ampia kwa ampia, kisha kwa omu. Ikitoka 920, mmepatia, hata kabla mwalimu hajaweka alama ya vema.