Kuukabili Mvumo wa Umeme Katika Studio ya Nyumbani

Mtafiti wa fasihi simulizi anayerekodi malenga nyumbani huweza kuharibiwa kazi na mvumo wa umeme. Umeme wa Kenya hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, ndiposa mvumo huo huwa mzito, usiokatika. Aghalabu, vifaa viwili vilivyounganishwa kwa waya wa sauti huchomekwa katika soketi tofauti. Waya huo na zile za ardhi hufanya kitanzi kinachopitisha umeme. Kwanza, chomoa chaja, utumie betri ya tarakilishi. Mvumo ukikoma, chanzo ki upande wa chaja. Pili, chomeka vifaa vyote mahali pamoja. Katu usikate waya wa ardhi, kwani hukinga uhai. Jaribu haya kabla malenga hajafika. Huenda utungo wake usisikike tena.