Kuingia Fani ya Usalama wa Mtandao Bila Shahada ya Kompyuta: Mambo ya Kufahamu

Wananchi wanaotaka kubadili taaluma wamekuwa wakikutana na matangazo yanayoahidi kwamba, baada ya wiki chache za mafunzo, mtu asiyewahi kusoma kompyuta atakuwa mtaalamu wa usalama wa mtandao mwenye mshahara mnono. Ahadi hiyo ina nusu ya ukweli. Nusu ya pili ndiyo inayowagharimu watu fedha zao.

Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya fani hii haihusu kuandika programu. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hauvunji mfumo wowote, humrubuni binadamu. Mwalimu anayejua namna ya kumfanya mtu aelewe na akumbuke ana nafasi yake katika kuelimisha watumishi na wateja. Mkaguzi wa ndani aliyezoea kuuliza nani ameidhinisha malipo na nani ameyalipa huuliza swali lilelile kwenye mfumo: nani ana ruhusa ya kuingia, nani alimpa, na lini itaondolewa.

Mlango mwingine umefunguliwa na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawataka wakusanyaji na wachakataji wa taarifa binafsi kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuteua afisa wa kusimamia ulinzi wa taarifa hizo. Afisa huyo anapaswa kujua ni taarifa gani zinakusanywa, kwa sababu gani, zinahifadhiwa wapi na nani anazifikia. Mwanasheria anaweza kuimudu kazi hiyo. Vivyo hivyo aliyefanya kazi masjala, ambaye anajua kwamba jalada la siri halitoki bila kusainiwa.

Hata hivyo, misingi ya kiufundi haikwepeki. Namna mtandao unavyofanya kazi, usimbaji wa taarifa, udhibiti wa nywila na usomaji wa kumbukumbu za mfumo ni mambo ya kujifunza kwa miezi kadhaa, si kwa mwisho wa juma mmoja. Afisa asiyeyajua atalazimika kuamini kila anachoambiwa na fundi.

Kuhusu vyeti, tahadhari inahitajika zaidi. Cheti cha CISSP, kinachotajwa sana katika matangazo, hutolewa na taasisi ya ISC2 kwa mtu mwenye uzoefu wa kazi wa miaka 5; elimu inaweza kupunguza mwaka 1 tu. Anayefaulu mtihani bila uzoefu huo hapati cheti chenyewe mpaka autimize. Anayeanza hufaa kutazama cheti cha Certified in Cybersecurity cha taasisi hiyohiyo, kisichodai uzoefu, ambacho mwaka 2022 kilitangaziwa mpango wa mafunzo na mtihani bila malipo kwa watu milioni 1. Ni busara kusoma masharti ya sasa kabla ya kujiandikisha, ikiwemo ada ya kila mwaka kwa aliyefaulu. Kwa anayelenga utumishi wa umma, cheti cha aina hii hakichukui nafasi ya sifa za elimu zinazotajwa katika tangazo la kazi.

Mazoezi nayo yana mipaka. Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kuingia katika mfumo wa kompyuta kwa makusudi na bila idhini ni kosa. Anayejifunza atumie kompyuta yake mwenyewe au maabara za mtandaoni zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, wala asijaribu "kupima" tovuti ya taasisi yoyote bila ruhusa ya maandishi.

Kwa aliye kazini, njia ya gharama nafuu mara nyingi iko ofisini kwake: kuomba kushiriki katika kuorodhesha taarifa binafsi ambazo taasisi inazihifadhi, au kuhakiki akaunti za watumishi waliohama na kustaafu ambazo bado hazijafungwa. Kazi hizo huandikwa kwenye wasifu, na msailiwa anaweza kuzieleza akiulizwa.